Arua mpaka Bugolobi kuwaona Afrigo: safari yangu na Mjomba

Tumerudi Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, wiki iliyopita na tangu hapo kila nikifungua kibanda sokoni mtu ananiuliza ilikuwaje, ilikuwaje, mpaka koo limenikauka, sasa naandika yote hapa mara moja. Nimeyakusanya kutoka kwenye noti za simu na picha, bei zote ni shilingi za Uganda, na watu tuliokutana nao njiani siwataji majina maana sikuwaomba ruhusa.

Kwa ambao hawajui, Afrigo Band ndiyo bendi iliyodumu kuliko zote hapa Uganda. Ilianza 1975, Amin akiwa bado madarakani, na Moses Matovu alikuwa mmoja wa waliyoianzisha baada ya kutoka Cranes Band. Mpaka leo ni yeye yule, ameshavuka miaka 70 na bado anasimama mbele na saksafoni yake. Vita ya 1979 iliyomtoa Amin imepita, vita ya msituni ya Museveni imepita, marais wamepokezana, bendi ipo. Mimi nimekulia kwenye nyimbo zao kupitia redio ya Mjomba, yeye alikuwa dereva wa lori la Arua–Kampala na miaka ya 80 aliwaona kwa macho yake, na mpaka leo harusini DJ akianza kubonyeza kompyuta yake Mjomba anasema "hii siyo bendi" halafu anaenda kukaa nje. Mimi sikuwahi kuwaona laivu hata mara moja. Sasa nikasikia watapiga Jumamosi kwenye bustani moja Bugolobi, Kampala, nikamwambia Mjomba mwaka huu tunaenda, nauli juu yangu.

Alhamisi, Arua

Tiketi za basi tulikata mchana, elfu 60 kila mmoja, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Wengi wanapenda lile la usiku kwa sababu unalala unaamkia Kampala, ila Mjomba alitaka kuiona barabara. Miaka yake ya lori, kipande cha Pakwach hadi Karuma walikuwa wanakipita kwa msafara wa jeshi kwa ajili ya waasi wa LRA, wale wa Kony, magari yanasubiriana mpaka yawe mengi ndio mnaachiliwa, kwa hiyo kwake yeye kupita pale mchana amekaa dirishani na chupa ya maji mkononi, hiyo peke yake tayari ni sherehe.

Jioni nikamaliza kushona shati lake. Kitenge kimetoka Ariwara upande wa Congo, samawati na njano, nikaweka mfuko mmoja kifuani wa miwani. Alilijaribu mbele ya kioo, akapiga hatua za dansi mbili tatu hivi, mke wake akamwambia "Mzee, acha kiuno kifike Kampala kwanza."

Kwa anayepanga: toa hela taslimu zako zote mara moja kabla ya kuondoka, usitoetoe vipande njiani, maana kila ukitoa kwenye simu kuna ada ya wakala. Na ukikata tiketi ya mchana kwenda Kampala omba kiti cha upande wa kulia. Sababu utaiona hapo chini.

Ijumaa, Arua – Pakwach – Bweyale – Bombo

Basi lilitoka karibu saa moja. Nebbi tuliipita kwa usingizi. Pakwach nikaamshwa na harufu ya samaki, wachuuzi wamejaa madirishani, samaki wa kukaanga, samaki wa kukausha, mama mmoja kanyanyua sinia mpaka kwenye pua ya Mjomba. Tulichukua ngege wa kukaanga kwa elfu 10 na muhogo wa kuchemsha wa elfu 2. Wale samaki walikuwa wa moto, chumvi imeingia mpaka kwenye mfupa, tukala wote bila kuongea. Pale darajani kwenye Nile ya Albert msipige picha jamani, askari wapo na hawapendi, kijana wa kiti cha mbele alifutishwa picha zake zote.

Baada ya daraja mbuga ya Murchison inakuwa upande wako wa kulia na hapo ndipo kiti kinalipa. Tuliona tembo, siyo mbali, wanakula majani kama hawajasikia basi. Mjomba alikuwa anawaonyesha watoto wa kiti cha nyuma na kuwahadithia hii barabara ilikuwaje zamani, mama yao akamwambia endelea mzee, na wao wasikie.

Karuma maji yanapita chini meupe povu tupu, nyani wamekaa pembeni wanangoja ndizi (msiwarushie, wanagongwa na magari kwa sababu hiyo hiyo). Hapo ndipo lilipo lile bwawa la umeme la megawati 600 lililozinduliwa 2024. Mwaka huohuo daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, mabasi ya huku kwetu yakawa yanazunguka mbali sana, wafanyabiashara wa West Nile tunakumbuka ile hasara. Sasa linapitika vizuri.

Bweyale basi likazima. Mkanda wa injini umekatika, konda anasema nusu saa, ile nusu saa ikawa saa tatu nzima kwa sababu mkanda wa akiba haukuwepo ikabidi mtu apande boda mpaka Kigumba kuutafuta. Basi la kwenda karibu kilomita 500 linatokaje stendi bila mkanda wa akiba? Watu walikasirika na walikuwa na haki ya kukasirika, kulikuwa na wagonjwa mle ndani wenye miadi ya hospitali.

Lakini hapo Bweyale ndipo nilipompata yule mama. Ana kibanda cha chai na chapati pembeni ya barabara, alimuona Mjomba amesimama juani ameshikilia shati lake jipya kwenye hanga (alikataa kuliacha kwenye basi), akatoa kiti chake mwenyewe akakiweka kwenye kivuli. Ni mkimbizi kutoka Yei, anaishi pale kwenye makazi ya Kiryandongo, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha Juba na Mjomba naye ana Kiswahili cha barabarani, wakaelewana kama jirani na jirani. Akauliza hilo shati la nini, Mjomba akamwambia tunaenda kuona bendi. Bendi? Ndiyo, bendi, watu wanapiga wenyewe, tarumbeta, gita, kila kitu. Yule mama akasema kwao Yei zamani kulikuwa na bendi ya kanisa yenye tarumbeta, kaka yake alikuwa mpigaji. Akatuletea chai ya maziwa na tangawizi na chapati mbili mbili. Wakati wa kulipa akakataa kabisa, akasema mtanilipa mkirudi, mje mnihadithie. Jamani nikiandika hapa bado nasikia uzito wa hiyo chai.

Tukaondoka saa tisa na kitu. Migyera basi lilisimama dakika chache, vijana wanakimbia na mishikaki ya kuku na gonja (zile ndizi tamu) ya kuchoma, kijiti cha kuku elfu 5. Chagua paja, na chukua uliyoona imetoka motoni, siyo iliyozungushwa madirishani tangu asubuhi. Luweero na Wobulenzi ni mananasi, giza lilikuwa limeingia tukanunua kwa kugusa na kunusa tu, matatu kwa elfu 5, matamu.

Bombo tulishuka karibu saa tatu usiku. Nauli unalipa ya Kampala nzima hata ukishukia Bombo, lakini kwetu ilifaa maana tuna Hajati pale, rafiki wa marehemu mama yangu, Mnubi wa Bombo kabisa. Bombo ukiingia tu unasikia Kiswahili na Kinubi kila kona, wanajeshi, watoto wa wanajeshi, wajukuu, sikuhitaji Kiganda hata cha kuombea maji. Hajati alikuwa hajalala. Alitutandikia mkeka wa rangi akaleta gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi wa nyama, gurusa laini, unaichana na kidole kimoja, na juu yake samli kidogo. Mjomba anamwita "dada yangu" na Hajati anamwita "kaka wa lori". Wakaanza kuhesabiana nyimbo mpaka saa sita, huyu anaanza huyu anamalizia. Hajati alisema yeye harusi za Kinubi alikuwa wa kwanza kwenye doluka, ngoma yao, lakini ikija Afrigo redioni alikuwa anafunga mlango wa jiko acheze peke yake asionekane na baba mkwe. Nikamwambia basi kesho twende wote. Akafikiria kidogo tu. "Nitavaa nini?"

Jumamosi, Bombo – Kampala

Taksi (hizi basi ndogo za abiria kumi na nne) ya Bombo hadi mjini elfu 5. Mpaka Matugga safi, Kawempe ikaanza, Bwaise tukakaa. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza maji barabarani na magari yanapita mstari mmoja, saa nzima na nusu kwa umbali ambao ungetembea. Ukiwa na shughuli ya saa fulani Kampala siku ya mvua, ondoka mapema mara mbili ya unavyofikiria. Tulipata vyumba Mengo, elfu 50 kimoja, safi, maji ya moto yapo. Mimi na Hajati chumba kimoja, Mjomba chake.

Chakula cha mchana kilikuwa luwombo ya kuku, elfu 15, ile inayopikwa ndani ya jani la mgomba, pamoja na matoke. Jani likifunguliwa mvuke unapanda na harufu ya karanga, Hajati akasema mpishi wa hapa apewe mshahara mkubwa. Baada ya hapo wazee wakalala, mimi nikapiga pasi.

Saa moja jioni tuko getini Bugolobi. Kiingilio elfu 50 mtu mmoja, hamna meza ya kulipia, unakaa ulipowahi. Hilo la kuwahi msilichukulie mchezo, meza za mbele zilijaa saa moja na nusu. Askari wa getini alimsikia Mjomba akiongea Kiswahili, akauliza mzee unatoka wapi, Arua, akauliza umekuja kwa bendi tu? Kwa bendi tu. Yule askari akatushika akatupeleka mwenyewe mpaka meza ya pili kutoka jukwaani, pembeni ya spika kidogo lakini unaona mikono ya kila mtu. Akarudi getini kwake, hakutaka hata soda.

Saa tatu na dakika arobaini wakapanda. Hamna kelele, hamna moshi. Watu wanatoka mmoja mmoja, wanachomeka waya, mpiga dramu anakaza skrubu moja, besi inaguna kidogo. Nilikuwa nafikiri naujua muziki wao. Nyimbo zenyewe ndiyo nazijua, lakini muziki wenyewe nilikuwa siujui. Kwenye redio ya Mjomba besi ilikuwa ni mngurumo tu kwa nyuma, pale besi inakupiga kifuani kwanza halafu ndio sikio linasikia. Gita mbili zinaongea, moja inauliza ndogondogo, ya pili inajibu, halafu pembe zinaingia zote kwa pamoja, saksafoni na tarumbeta, pwaa! na meza nzima yetu ikaruka. Hajati alinishika mkono akanifinya. Mpaka kesho yake alama ilikuwepo.

Matovu alipoingia watu wote walisimama. Vijana wa miaka ishirini, wazee wenye fimbo, mabwana wa ofisi na tai zao, mama mmoja mwenye mjukuu kiunoni, wote. Alianza kwa saksafoni kabla ya kuimba, sauti ndefu moja isiyo na haraka yoyote, na ukimya ukashuka mle bustanini mpaka unasikia barafu kwenye glasi za meza ya jirani. Akaimba. Sauti imezeeka, ndiyo, ina mikwaruzo ambayo kwenye kaseti haikuwepo, na mimi naipenda hivi zaidi, maana unasikia kila mwaka aliyousimamia huo wimbo. Mjomba hakucheza wimbo wa kwanza. Alikuwa amesimama tu mikono imeshikana mbele kama yupo kwenye sala.

Joanita Kawalya alipokuja kuimba "Jim" wanawake wa bustani nzima wakaimba naye, na nikisema nzima namaanisha hata wahudumu walisimama na trei zao. Yeye ni binti wa Eclas Kawalya, mwanamuziki wa zamani zaidi ya hao wote, kwa hiyo ni damu hiyo. Mimi Kiganda changu ni cha kununulia nyanya, lakini ule wimbo nimeusikia tangu niko mdogo na midomo yangu ilikuwa inajua inapoenda.

Sasa nisikilizeni kitu kimoja nilichokiona kwa karibu, ndicho ninachowahadithia watu sokoni kila siku. Katikati ya wimbo mmoja mrefu wa kucheza, waya wa gita la solo ukakatika, tiii, unaning'inia. Bendi haikusimama. Mpiga solo akageukia nyuma, akatoa waya mpya kwenye pakiti ndogo mfukoni, akaupitisha kwenye daraja la gita, akauzungusha pale juu kwenye ufunguo, sikio amelilaza karibu na gita ili asikie katika zile kelele zote. Wakati huo pembe zimeshachukua kazi yake: tarumbeta inapiga zile sehemu zake, saksafoni inajaza, besi na dramu zinazungusha palepale kama dereva anayeshikilia gari kwenye mlima bila breki ya mkono. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu, waliangaliana tu. Mpiga tarumbeta alipopata nafasi akageuza chombo chake, akakung'uta maji, akarudi. Kisha yule wa solo akageuka, akapiga noti moja kujaribu, akatabasamu, akaingia kwa nguvu na pembe zikampisha. Watu wengi kwenye uwanja wa kuchezea hawakujua kama kuna kitu kimetokea. Mjomba aliona yote, akanigeukia akasema, "Umeona? Kompyuta ikikatika waya, harusi imeisha."

Kuanzia hapo hakukaa tena. Alicheza na Hajati, alicheza na mama wa meza ya jirani, alicheza na kundi la wanafunzi wa chuo waliyomzunguka wanamfuata hatua zake, shati la samawati na njano katikati. Ilipofika "Speed" sikumuona tena kabisa, kulikuwa na vumbi. Mvua ilitishia karibu saa sita, matone machache, hakuna aliyekimbia. Wakashuka jukwaani saa saba na nusu usiku.

Kwa anayepanga: vaa viatu vya chini, uwanja ni majani na changarawe. Beba sweta, usiku wa Kampala baada ya mvua una baridi. Soda elfu 4, maji elfu 3. Na usikae nyuma kabisa karibu na baa, kule watu wanaongea.

Usiku wa kuamkia Jumapili, nje ya geti

Hii sehemu sikuitegemea. Tulitoka tukijua tunatafuta boda tukalale, kumbe hakuna aliyeenda kulala. Nje ya geti kuna mtu wa muchomo, jiko la makaa, mbuzi na ndizi, na pale watu kama arobaini hivi wamesimama wanaongea wote kwa wakati mmoja, yaani kila mtu anamueleza mwenzake kitu ambacho wote wamekiona. "Uliona alivyoingia?" "Uliona ile saksafoni?" "Ile ya pembe, ile ya pembe!" na mtu anaimba zile pembe kwa mdomo na wengine wanaitikia.

Kulikuwa na dada mmoja mhasibu kutoka Mbarara, amekuja na mama yake mzazi kama zawadi, mama kavua viatu kavishika mkononi hataki kuondoka. Kulikuwa na wazee wawili wa Jinja wanabishana kama bendi ilikuwa nzuri zaidi miaka ya 80 au sasa, mmoja anasema pembe za zamani zilikuwa kali zaidi, mwenzake anasema umezeeka masikio. Mtu akalalamika kwa uchungu kabisa mbona "Obangaina" haikupigwa, akajibiwa Rachael Magoola aliingia bungeni 2021 kwa kiti cha wanawake cha Bugweri, unataka nani mwingine auimbe ule wimbo vile, hapo ubishi ukaanza upya na mimi nikaingia na mate yangu yote.

Kulikuwa na Mkongo mmoja anayeishi Katwe, anapiga gita kanisani, Kiswahili chake cha Bukavu. Huyu ndiye aliyenifungulia masikio. Alinieleza kuwa zile gita zinazojibizana ni mtindo wa rumba ya Congo: kuna rithimu inayoshikilia chini, kuna solo inayopaa juu, na katikati kwenye bendi kubwa wanaweka mi-solo ya kuziunganisha, halafu wakifika sebene waimbaji wanapisha, gita zinachukua watu wacheze. Akasema bendi za Kampala zilikulia kwenye huo muziki lakini Afrigo wameuweka juu ya midundo ya huku, ndiyo maana mguu wa Mganda na mguu wa Mkongo yote inaupata. Alikuwa anaonyesha kwa vidole kwenye mkono wake wa kushoto kama shingo ya gita, na kijana wa boda aliyekuwa anasubiri wateja amezima pikipiki anasikiliza, mteja wake naye anasikiliza.

Na Mjomba je? Simu yake ni ile ya vitufe, hawezi kupokea video. Mwanafunzi mmoja wa wale waliocheza naye akasikia, akauliza mzee una memori kadi kwenye redio yako? Anayo, ile redio yake ndogo inatumia kadi na hutembea nayo kila mahali. Yule kijana akaitoa kadi, akaichomeka kwenye simu yake mwenyewe, akajaza sauti za usiku ule alizorekodi, akakaa chini kwenye ukingo wa barabara dakika ishirini akisubiri ziishe kuhama, na marafiki zake wanamwita twende. Hakukubali hela. Mjomba akamwekea mkono kichwani akamuombea, kijana kainama tu.

Mwenye muchomo alituongezea ndizi bila kuhesabu. Mifupa na kaveera (mifuko ya plastiki) zikajaa chini, makaa yakaisha, watu bado. Boda za kurudi Mengo tulipata saa kumi alfajiri, elfu 7 kila moja, usiku bei inapanda na ni haki yao.

Jumapili na Jumatatu

Jumapili tulilala. Mchana tulimsindikiza Hajati kwenye taksi ya Bombo, akasema asiambiwe mtu yeyote Bombo alivyocheza, kisha akiwa dirishani akabadilisha mawazo akasema waambie wote.

Jumatatu jioni tukapanda basi la usiku pale Arua Park, elfu 60 tena. Arua Park shikilia mfuko wako, na usimpe mzigo mtu yeyote anayesema anakusaidia kubeba kabla hujauona mlango wa basi lako. Mjomba aliiwasha ile redio yake kwa sauti ya chini, jirani wa mbele akageuka, nikajua analalamika, kumbe anauliza hiyo ni Afrigo? Ongeza kidogo. Mpaka Bombo watu wa viti vya nyuma yetu wanauliza mlikuwa wapi, bei gani, wanapiga tena lini, na Mjomba anaeleza habari ya waya wa gita kwa mikono yote miwili.

Bweyale tulipita saa nane usiku, kibanda cha yule mama kimefungwa, ubao umeegeshwa mlangoni. Dereva hakuweza kusimama. Nimempigia simu binamu yangu mwenye shughuli zake Kiryandongo, wiki hii anapita pale na hela ya chai na chapati, na ameahidi atakaa amhadithie yote kama nilivyomsomea mimi.

Afrigo wanapiga sana wikiendi, siyo lazima ungoje siku kubwa, uliza tu watu wa Kampala wiki hiyo wako bustani gani. Wale wa nje ya geti tumefungua grupu ya WhatsApp, tuko watu wa Mbarara, Jinja, Katwe, Bombo na Arua, na kuna mpango wa kwenda tena kabla ya Krismasi. Kutoka Arua mpaka sasa tumefika saba pamoja na jirani yangu wa viazi na mke wa Mjomba, ambaye tayari ameniletea kitenge chake nikikate. Tukifika kumi na nne tunaweza kukodi taksi yetu wenyewe badala ya basi, na dereva awe na mkanda wa akiba, hilo nitalikagua mwenyewe. Anayetaka kiti aje kibandani kwangu, mstari wa vitenge, upande wa geti la chini.